Saba Saba na Nusu Mkate

Msikilizaji, leo ni tarehe 7 Julai. Asubuhi hii, kwenye kioski kimoja cha Shauri Moyo, Nairobi, nilimkuta kijana anaomba nusu mkate. Mwenye kioski hakumwuliza swali. Aliulaza mkate mbele ya wavu, kisu kikapita katikati, karatasi na yote, kisha akaisokota mdomo ile nusu iliyobaki na kuirudisha rafuni imngoje mwingine wa mfuko kama huo.

Basi ilikuwa tarehe kama ya leo, mwaka 1928, mkate uliokatwa slesi kwa mashine ulipoanza kuuzwa, huko Chillicothe, jimbo la Missouri, Marekani. Mashine ilikuwa ya fundi aitwaye Otto Rohwedder. Sisi slesi zake tulizipokea, tukazikata tena kwa nusu. Na Kibaki na Raila walipogawana serikali ya Kenya mwaka 2008, wananchi hawakuhangaika kutafuta jina: nusu mkate.

Jirani zetu wa Tanzania wana Sabasaba yao, saba ya mwezi wa saba. Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na siku hizi ukiwatajia Sabasaba wanawaza maonyesho ya biashara na watoto waliovaa nguo mpya. Huku kwetu Nairobi, mtaani Eastlands, mwezi Aprili wa mwaka huohuo, wanajeshi wa Waingereza walikuwa wameuzingira mji na kuzoa watu kwa maelfu mitaani, wakisaka Mau Mau. Ni kwa sababu ya TANU na Kiswahili chake UNESCO, mwaka 2021, iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Saba Saba yetu sisi ina harufu ya moshi. Mwaka 1990, Kenneth Matiba na Charles Rubia, aliyekuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi, waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Serikali ilikataa kutoa leseni. Tarehe 4 wawili hao wakatiwa ndani. Jumamosi ya tarehe 7 watu walikwenda uwanjani hivyohivyo, bila wenyeji wao. Polisi wakafyatua vitoa machozi, watu wakatawanyika kuelekea Majengo na Gikomba, na ghasia zikaendelea kwa siku kadhaa. Waliokufa hawakupungua 20. Jioni hiyohiyo, kule Roma, Pavarotti, Domingo na Carreras walikuwa wakiimba pamoja jukwaani kwa mara ya kwanza, mkesha wa fainali ya Kombe la Dunia. Tarehe haina haya.

Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, kilifutwa Desemba 1991. Matiba alitoka kizuizini akiwa amepigwa na kiharusi.

Pita Kamukunji leo, utakaribishwa na nyundo. Mafundi wa jua kali wanagonga bati kutwa nzima: masanduku ya wanafunzi wa bweni, majiko, karai. Ukitaka kusikilizana na mtu, sharti umpigie kelele sikioni.

Lakini jina la uwanja halikukaa uwanjani. Wanafunzi wa chuo kikuu wakikasirishwa na utawala, wanaitisha kamukunji. Wabunge wakitaka kuzungumza faraghani, wana kamukunji. Hata wenye ploti na wapangaji. Mimi, kama ningeulizwa leo Kiswahili kisherehekewe wapi, nisingetaja ukumbi wa hoteli. Ningesema pale kwenye nyundo, maana neno limetoka pale kwa miguu yake likaingia bungeni bila kubisha hodi.

Kwetu pia iko moja, saa kumi na mbili jioni, chini ya ngazi. Ajenda ni maji, mfereji umekauka wiki ya pili sasa. Kila mmoja aje na kiti chake. Leseni hatujaomba.