Kugeuka Bila Kuanguka
Kwenye njia panda ya Komanda, mashariki mwa Kongo, barabara zinakoachana kuelekea Bunia, Beni na Mambasa, mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson hutaabika hasa anapogeuka: miguu huganda, mwili unaendelea, anaanguka. Hajalogwa. Ubongo wake umepungukiwa dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo.

Mazoezi husaidia. Wilayani Hai, Tanzania, utafiti uliochapishwa 2010 uliwafundisha wagonjwa wasiotumia dawa kutembea kwa kufuata mdundo. Mwendo wao ukaongezeka kasi. Ni habari njema kweli kwa vijiji ambako dawa ni adimu! Anayezipata, asiziache.

Mgonjwa akigeuka, asijizungushe juu ya mguu mmoja. Azunguke kwa upana, akinyanyua miguu na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili. Ikiganda, atulie, ahamishe uzito kushoto na kulia, ndipo apige hatua. Jamaa akae kando yake, asimvute mkono.