VITABU VIRUDI KABATINI
(Maneno ya Kamati kwenye mkutano wa wanachama)



Maktaba za umma nchini zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kampeni ya kisomo ilipopamba moto, mwaka 1971 hadi 1975, wazee wetu wengi walijifunza kusoma. Baadaye wengine wakasahau. Kwa nini? Hawakuwa na cha kusoma. Jembe lisilolima hushika kutu.

Asiyesoma hutia dole gumba kwenye stakabadhi bila kujua imeandikwa kilo ngapi. Hasara hiyo ni ya nyumba nzima.

Basi jamani, kabati letu la vitabu limebaki nafasi tupu. Vitabu viko majumbani, vingine chini ya vitanda, panya wanavisoma wao. Virudisheni, na mwenzenu apate. Tunafungua kila siku ya kupima mazao. Akina mama, vijana, wazee, wote karibuni. Ada hakuna. Masharti ni mawili tu: mikono safi, na kurudisha.