Tope la Sebeya

Wasikilizaji wa Gisenyi, Rugerero na Nyundo, mvua imenyesha usiku, na Mto Sebeya unaingia Ziwa Kivu ukiwa mwekundu kwa udongo. Kila mvua ni hivyo hivyo, na kila mara nasikia: "Ni mapenzi ya Mungu." Mvua ni ya Mungu. Udongo ule umetoka shambani kwa mtu!

Umetoka vilimani, kwenye miteremko ya Gishwati. Msitu ule ulikuwa na hekta kama 28,000 miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Uliliwa na malisho, viazi na makaa. Leo mabaki yake yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na mwaka 2020 UNESCO iliitambua.  

Juzi sokoni muuzaji alisifu makaa yake: "Haya ni ya mti wa msituni, hayaishi upesi." Watu wakagombania, asiulize hata mmoja yametoka wapi. Mama, wewe unayenunua ndiye unayemtuma mwenye shoka!

Mizizi hushika udongo, majani makavu hunyonya maji yakazama taratibu. Viondoe, maji yote yatateremka kwa mkupuo. Mmesahau usiku wa kuamkia Mei 3, 2023? Sebeya ilivamia watu wamelala. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, wengi wao hapa Mkoa wa Magharibi. Na bado kuna mtu analima hadi ukingoni mwa mto! Mwingine anang'oa mianzi iliyopandwa kuushikilia ukingo. Mwingine anarina asali kwa moto kiangazi, kisha anauacha ukifuka hadi uunguze msitu. Taka mnazotupa mferejini nazo zinaziba njia ya maji, acheni.

Halafu bomba likikauka, mnalalamika. Mtambo wa kusafisha maji wa Gihira unachota maji Sebeya hiyo hiyo. Tope likizidi, hausafishi. Aliyelima ukingoni naye yuko foleni na dumu lake.

Basi: uliza makaa yametoka wapi, na ukijibiwa msituni, usinunue. Lima kukinga mteremko. Panda matete kwenye kingo za matuta. Na kama tuta lako limebomoka jana, usingoje umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Lijenge leo, kabla mvua ya jioni haijaanza.