Mtoto Apoteapo: Wajibu wa Wazazi na Shuku za Umma



Mtoto apoteapo, maswali mawili huzuka mtaani kwa mara moja. La kwanza ni halali kabisa: wazazi walikuwa wapi? La pili hujificha nyuma ya lile la kwanza: je, si wao wenyewe waliomdhuru? Swali la kwanza ni la malezi, na mzazi hana budi kulijibu. La pili ni la jinai, na mwenye haki ya kulijibu ni mahakama baada ya kupima ushahidi. Madhara huanza pale ambapo jibu la swali la kwanza huchukuliwa kuwa ndio ushahidi wa lile la pili. Yaliyotukia Australia yafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu nchi ile haikuwa na uhaba wa polisi, wala wa maabara, wala wa magazeti.

Usiku wa tarehe 17 Agosti, 1980, Michael Chamberlain, mchungaji wa Waadventista wa Sabato, alikuwa amepiga hema pamoja na mkewe Lindy na watoto wao watatu karibu na jiwe kubwa la Uluru, ambalo ramani za wakati ule ziliandika Ayers Rock. Mtoto wao mchanga Azaria, mwenye umri wa wiki tisa, alilazwa hemani pamoja na kaka yake wa miaka 4, nao wazazi wakawa mahali pa kuchomea chakula, hatua chache kutoka hapo. Kilio kikasikika. Mama alipokwenda kutazama, alipiga kelele kwamba dingo, mbwa wa porini wa nchi ile, amemchukua mtoto wake. Wenyeji wa mahali pale, watu wa Anangu, mabingwa wa kufuata nyayo, walizifuata zile nyayo usiku uleule, na walichokiona mchangani kiliafikiana na maneno ya mama. Azaria hakuonekana tena.

Je, wazazi wale walikosa? Asemaye kwamba kitoto kichanga hakistahili kuachwa hemani, katika nchi yenye wanyama wakali, hasemi jambo la kipuuzi. Lakini asemaye hayo akumbuke na mengine. Wiki chache kabla ya hapo, mtoto wa miaka mitatu alikuwa ameburutwa na dingo kutoka ndani ya gari palepale Uluru. Tena mkuu wa askari wa hifadhi alikuwa amekwisha kuwaandikia wakubwa wake akiwaonya juu ya hatari ya wanyama hao kwa binadamu. Wageni waliofika na mahema yao hawakuwa na habari ya barua hizo. Kwa hiyo wajibu wa kumlinda mtoto haukuwa wa baba na mama peke yao. Ulikuwa pia mezani kwa mtumishi wa umma aliyepokea onyo akaliweka jalada.

Uchunguzi wa kwanza wa kifo, mwezi Februari 1981, uliwasafisha wazazi, na uamuzi wake ulitangazwa moja kwa moja katika televisheni ili kuzima uvumi. Uvumi haukuzimika. Watu walimtazama Lindy katika televisheni wakaona kwamba halii. Hilo likawa kosa. Alizungumza kwa utulivu, alibadili mavazi, na hayo nayo yakawa makosa. Ikasemwa kwamba jina Azaria maana yake ni sadaka nyikani, ilhali maana yake ni Mungu amesaidia, na kamusi yoyote ya majina ya Biblia ingemaliza ubishi huo kwa dakika moja. Nayo dini yao, ambayo Upare ina waumini tangu mwaka 1903 na hakuna anayeishangaa, ilifanywa kuwa kikundi cha siri cha kutoa kafara. Yafaa isemwe waziwazi kwamba si wajinga tu walioyaeneza hayo. Waliosoma waliyasema pia, na kwa kuwa ni wasomi, walisadikiwa upesi zaidi.

Kisha sayansi ikaletwa kuunga mkono uvumi. Uchunguzi wa kwanza ulitanguliwa, wa pili ukafanywa, na mwaka 1982 kesi ikasikilizwa mjini Darwin. Wataalamu walidai kwamba ndani ya gari la familia mlikuwa na damu ya mtoto mchanga. Lindy alieleza kwamba Azaria alivaa koti dogo la kufuma juu ya nguo nyingine. Koti halikuwapo, naye hakuaminiwa. Tarehe 29 Oktoba, 1982, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kumwua mwanawe. Mumewe alipata kifungo chenye masharti kwa kumsaidia. Mwezi uliofuata Lindy alijifungua mtoto mwingine akiwa mfungwa, na mtoto huyo akaondolewa mikononi mwake. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Australia ilikataa rufani yake, majaji watatu kwa wawili.

Koti lilipatikana Februari 1986, karibu na mapango ya dingo. Lindy akafunguliwa. Tume iliyoongozwa na Jaji Trevor Morling iligundua kwamba sehemu ya ile iliyoitwa damu ilikuwa ni dawa inayopulizwa kiwandani katika bodi la gari ili kupunguza kelele. Hukumu zote mbili zikafutwa Septemba 1988.

Somo hilo halikufika mbali. Mei 2007, huko Praia da Luz, Ureno, alipotea Madeleine McCann, mtoto wa Kiingereza aliyekaribia miaka 4, wazazi wake walipokuwa wakila chakula na rafiki zao na kwenda kuwachungulia watoto kwa zamu. Lawama ya kuwaacha watoto peke yao ilistahili kuzungumzwa. Lakini baadhi ya magazeti ya Uingereza yalivuka lawama hiyo yakaandika kana kwamba mauaji yamethibitika. Machi 2008 yaliomba radhi katika kurasa za mbele na kulipa pauni 550,000. Polisi wa Ureno waliwaweka wazazi katika orodha ya washukiwa Septemba 2007, wakawaondoa Julai 2008.

Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia ithibitike. Hakimu na polisi hubanwa na maneno hayo. Baraza la kahawa halibanwi, wala chumba cha walimu wakati wa mapumziko, na humo ndimo mwanafunzi hupitia akisikia mama wa mwenzake akihukumiwa.

Tarehe 12 Juni, 2012, siku moja baada ya ile ambayo Azaria angetimiza miaka 32, mchunguzi wa vifo Elizabeth Morris alitamka mjini Darwin kwamba mtoto yule alishambuliwa na kuchukuliwa na dingo. Aliwapa pole wazazi, waliokuwa wamekwisha kuachana miaka mingi. Kisha wakakabidhiwa cheti kipya cha kifo cha mtoto wao.