Masomo ya Kompyuta kwa Makarani wa Maduka: Tuyapime Kabla ya Kulipa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya memba wafanyao kazi madukani)



Nimeombwa niseme machache juu ya masomo ya Excel, ambayo makarani wetu wanahimizwa na matajiri wayasome ili wapandishwe cheo na kuwa wachambuzi wa mauzo. Masomo si mabaya hata kidogo. Lakini mfanya kazi anayetoa fedha zake ana haki ya kujua anauziwa nini, kama mama anavyobonyeza embe sokoni kabla ya kulinunua.

Tangazo husema siku tano na cheti. Cheti cha kuhudhuria huonyesha kwamba ulikaa kitini, basi. Mwulizeni mwalimu kama atawapa hesabu chafu mzisafishe. Hesabu za darasani huwa safi mno. Zetu sukari ile ile ina majina matatu, katoni imehesabiwa kama chupa moja, na mali iliyorudishwa na mteja imeingizwa kama mauzo. Jitengenezeeni mfano wa namna hiyo mwende nao (msichukue faili za duka, msije mkafukuzwa kazi). Mwalimu akikataa kuugusa, huyo anafundisha kubonyeza vitufe tu.

Tazameni namba za barkodi. Bidhaa nyingi za Kenya zina tarakimu 13 zinazoanza na 616. Excel ikiachwa ifuate desturi yake hudhani ni idadi ya kitu, ikaionyesha kwa mkato kama 6.16E+12. Na namba ya mali inayoanza kwa sifuri hupoteza sifuri yake. Somo zuri hufundisha mapema kuziingiza namba hizo kama maneno.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni VLOOKUP, ile kanuni ya kutafuta bei ya kitu katika orodha nyingine. Ina sehemu nne, na ya nne watu wengi huiacha. Ukiiacha, kompyuta hudhani unaridhika na jibu la karibu, na orodha isipopangwa kwa utaratibu yaweza kukuletea bei ya sabuni mahali pa unga, bila kulalamika. Karani ndiye atakayeitwa ofisini, si kompyuta. Kwa hiyo mwulizeni mwalimu: sehemu ya nne ni ya nini? Akibabaika, shikeni fedha zenu.

Tena mwulizeni juu ya VAT ya asilimia 16. Kitu kilichouzwa shilingi 116 pamoja na kodi, bei yake bila kodi ni shilingi 100, yaani 116 ikigawanywa kwa 1.16. Anayepunguza asilimia 16 hupata 97.44, na shilingi hizo mbili na ushei, zikizidishwa kwa mauzo ya mwezi mzima, zitatafutiwa mwizi.

Wala msidhani makosa haya ni ya watu wasiosoma. Mwaka 2020 huko Uingereza, watu 15,841 walioambukizwa korona hawakuingia katika hesabu za kila siku kwa wakati wake, kwa sababu majibu yao yaliwekwa katika faili za namna ya zamani zenye nafasi ya mistari 65,536 tu. Karatasi ya Excel ya sasa ina mistari 1,048,576. Duka lenye matawi mengi laweza kuijaza hiyo pia, na somo lisilosema ufanye nini ikijaa ni somo la kibanda.

Sasa fedha. Tajiri hutakiwa na sheria kulipa ada ya mafunzo ya kazi, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanya kazi, wala haruhusiwi kuikata katika mshahara wako. Akiwa amelipa, anaweza kuomba NITA imrudishie gharama za mafunzo, mradi mafunzo hayo yamekubaliwa nayo. Basi akikuambia ujilipie mwenyewe somo ambalo faida yake itaingia katika duka lake, mwulize kwa adabu, mbele ya mwakilishi wa chama, kama ameomba. Mwulize pia kwa maandishi mshahara utaongezeka kiasi gani ukifaulu. Wapo waliosoma wakapewa kazi ya karani na ya mchambuzi pamoja, kwa mshahara ule ule wa karani.

Memba mwenye tangazo la masomo mfukoni alilete hapa mezani tulisome pamoja. Nitakaa mpaka saa kumi na mbili.