Ushuru tunaolipa bila kujua



Tumeombwa tuzungumze juu ya kodi. Hapa Kawangware 46 ukisema kodi, mtu anamfikiria mwenye ploti. Kwa hiyo leo ile pesa ya serikali tutaiita ushuru, tusichanganyikiwe.

Wengi wetu husema, "Sisi watu wa vibanda hatulipi ushuru, hayo ni mambo ya wenye ofisi." Si kweli. Ukinunua sabuni ya shilingi 116, shilingi 16 ni VAT, imo ndani ya bei. Ukimtumia mama pesa nyumbani kwa simu, ile ada ya kutuma ina ushuru wake, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliuweka kwa asilimia 15. Mwaka huo huo VAT ya petroli ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na tukaionja kwenye nauli. Mswada wa 2024 nao ulikuja na pendekezo la kutoza mkate asilimia 16. Watu walipiga kelele, likaondolewa. Na baada ya maandamano ya vijana, tarehe 26 Juni Rais Ruto akasema hatatia sahihi mswada wote. Mtoto aliyekula mkate na chai asubuhi tayari yumo katika mambo ya bajeti.

Sasa biashara. Kuna ushuru wa mauzo, asilimia 3, kwa anayeuza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Milioni moja ni kama shilingi 2,740 kila siku bila kupumzika. Mama mboga anayeuza 1,500 kwa siku hajafika hapo, asitishwe na mtu. Lakini mwenye duka anayeuza 4,000 kwa siku sita za wiki amevuka, na atadaiwa kama 3,100 kwa mwezi, apate faida asipate, kwa sababu huhesabiwa mauzo. Sisi tunaona huo ni mzigo kwa mwenye faida ndogo, ila sheria ndivyo ilivyo. Daftari la mauzo ndilo litakalomtetea.

Vijana wenye PIN ya KRA, hata kama hamna kazi, ripoti ya mwaka ipelekwe kabla ya Juni 30 kuisha. Ukinyamaza, faini ni 2,000.

Tuje kwa kanjo, maana hapa ndipo watu huumia. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inasema ushuru wa mapato na VAT ni vya serikali kuu peke yake. Kaunti ina ada zake, kama za soko na leseni za biashara. Na kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayotozwa bila sheria. Kwa hiyo anayesimama mbele ya meza yako ya nyanya akidai pesa, ana haki ya kudai ikiwa ametumwa na kaunti, ada hiyo imo katika sheria, na anatoa risiti. Anayesema, "Leta mia mbili tuelewane," huyo hakusanyi ushuru. Hiyo ni hongo, na haitajenga choo cha soko. Tunajua mama mmoja akiuliza risiti peke yake anaweza kubebewa mboga zake. Ndiyo sababu tunasema muulize kama kikundi, watu kumi pamoja, na katibu aandike siku, kiasi na jina la aliyechukua. Karatasi hizo zikiwa nyingi, mnaweza kwenda nazo kwa mwakilishi wa wadi mkiwa na kitu mkononi.

Limebaki la mwenye ploti. Anayepata kodi ya nyumba kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa KRA asilimia 7.5 ya kodi yote. Hiyo ilianza Januari 2024. Kabla yake ilikuwa asilimia 10. Yaani ilishuka! Kwa chumba cha 4,000, asilimia 7.5 ni shilingi 300. Keateka akija na habari kwamba kila chumba kinaongezwa 1,000 "kwa sababu ya KRA", wapangaji mkae pamoja, mumwombe mwenye ploti awapigie hesabu hiyo mbele yenu.