Gitaa la Kwanza

Natumaini kila mtu amekwisha kupata karatasi yake ya somo hili, na kalamu anayo. Anayeweza kufuata maneno kwa kidole wakati ninaposema, na afuate. Asiyeweza bado, na asikilize tu. Atasoma baadaye pamoja na wenzake.

Leo sitawafundisheni kupiga gitaa. Nataka kuwaelezeni jinsi wapigaji watatu wenye sifa kubwa walivyopata magitaa yao ya kwanza.

Kwanza tujue gitaa ni kitu gani. Gitaa lina sanduku lenye uwazi ndani, lina shingo ya mti, na lina nyuzi zilizokazwa toka mwisho huu hata mwisho huu. Ukigusa uzi, hutikisika. Sanduku nalo huitikia, na sauti inakuwa kubwa. Mpigaji akibana uzi kwa kidole juu ya shingo, ule urefu unaotikisika hupungua, na sauti hupanda juu. Basi mtu akiwa na kitu chenye uwazi, kipande cha mti na waya, aweza kujitengenezea gitaa.

Ndivyo alivyofanya mtu wetu wa kwanza. Jina lake ni Franco Luambo, aliyezaliwa Kongo mwaka 1938. Alikulia Leopoldville, mji ambao leo huitwa Kinshasa. Mama yake alikuwa akiuza maandazi sokoni. Franco alipokuwa na umri wa kama miaka 7 alitengeneza gitaa la kopo. Nyuzi zake zilikuwa waya za umeme zilizomenywa ngozi ya nje. Alilipiga pale penye biashara ya mama yake, na watu wakavutwa kuja kununua. Baadaye mpigaji mmoja aitwaye Dewayon, aliyemzidi umri, alimfundisha kwa gitaa la kweli. Mwaka 1953, naye ni kijana wa miaka 15 tu, alianza kazi katika nyumba ya santuri iitwayo Loningisa. Mwaka 1956 alikuwa mmoja wa walioanzisha bendi ya OK Jazz. Mpaka alipokufa mwaka 1989, nyimbo zake zilikuwa zimechezwa katika miji mingi ya Afrika, na katika Afrika ya Mashariki vile vile. Kopo halikumpa fedha za kununulia gitaa zuri. Lakini lilimfundisha kusikiliza, na vidole vyake vikazoea kazi kabla gitaa zuri halijafika.

Mtu wa pili ni B.B. King, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Mississippi, kwenye mashamba ya pamba. Alipokuwa na umri wa kama miaka 12 alitaka gitaa lililouzwa kwa dola 15. Dola 15 zilikuwa mshahara wake wa mwezi mzima. Tajiri aliyemwajiri alilipa kwanza, kisha akamkata katika mshahara wake. Fikirini, kijana asiye na wazazi karibu naye anakubali kupunguziwa mshahara kwa ajili ya kitu ambacho hajui bado kukipiga! Baadaye mtu huyu alijulikana dunia nzima.

Wa tatu ni mwanamke, na habari zake ndizo ninazotaka mzishike zaidi. Jina lake ni Elizabeth Cotten. Alizaliwa katika jimbo la North Carolina, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Aliacha shule akiwa bado mtoto, akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Mshahara wake ulikuwa senti 75 kwa mwezi. Gitaa alilolitaka liliuzwa dola 3 na senti 75. Hebu chukueni kalamu zenu. Dola moja ni senti 100, basi bei ya gitaa ilikuwa senti 375. Gawanyeni kwa 75. Mnapata 5. Maana yake, hata kama asingetumia senti moja, ilikuwa kazi ya miezi mitano. Haba na haba hujaza kibaba: gitaa alilipata.

Elizabeth alikuwa akitumia mkono wa kushoto, na hapakuwa na mtu wa kumfundisha. Basi aligeuza gitaa juu chini, akajifunza mwenyewe. Nyuzi nene alizipiga kwa vidole na nyembamba kwa kidole gumba, kinyume cha watu wengine. Akiwa bado msichana alitunga wimbo wa treni ya mizigo, uitwao Freight Train.

Lakini alipokuwa mke wa mtu, watu wa kanisa walimwambia kwamba nyimbo zile ni za dunia, azikomeshe. Akaliweka gitaa chini. Miaka mingi sana ikapita, na miaka ile haikurudi.

Baadaye Elizabeth aliuza vitu dukani katika mji wa Washington. Siku moja alimwona mtoto aliyepotea mle dukani, akamrudisha kwa mama yake. Mama yule, Ruth Seeger, alikuwa mtu wa muziki, akampa kazi ya nyumbani kwake. Ukutani mwa nyumba ile lilitundikwa gitaa. Elizabeth akalishusha, akalipiga. Watu wa nyumba waliposikia, walishangaa. Vidole havikusahau! Mwaka 1958 ilitoka santuri yake ya kwanza, naye amekwisha kupita miaka 60. Alisafiri akiimba mbele ya watu wengi, na mwaka 1985 alipewa tuzo ya Grammy, ambayo ni heshima kubwa kwa wanamuziki. Alikufa mwaka 1987, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Wasikilizaji, wako watu wanaoona haya kuingia darasa la watu wazima. Mmoja husema, "Mimi ni mzee, wajukuu wangu watanicheka." Mwingine husema, "Nitaanza nikipata daftari zuri na taa nzuri." Huyu wa pili na amkumbuke Franco na kopo lake. Huyu wa kwanza na amkumbuke bibi yule aliyeshusha gitaa ukutani. Ikiwa jirani yako ni mmoja wa watu hao, mweleze habari hizi jioni ya leo, na kesho mje naye.

Sasa zungumzeni na mwalimu wenu maswali haya:

1. Nyuzi za gitaa la Franco zilikuwa za nini?
2. Kwa nini Elizabeth Cotten aliligeuza gitaa lake?
3. Je, kuna kazi au ujuzi uliouacha zamani, ambao ungependa kuushika tena? Andika jina lake katika daftari.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.